Sumaku Juu ya Lango

Mume wangu Mirbaz alikuwa fundi wa bunduki asiye na mpinzani katika mji wetu, na mji wetu mzima ni mafundi wa bunduki. Mpe kipande cha reli iliyong'olewa, atakurudishia mtutu ambao ungeapa umetoka Urusi, mpaka namba za kiwanda atakugongea. Kwa mambo mengine yote alikuwa mjinga. Nasema hivi bila kumwogopa, maana nimempikia na kumfulia tangu nilipokuwa msichana, na sina jipya la kujifunza juu yake.

Ujinga wake mkubwa ulikuwa kumuua Rahmdil, mtoto wa kaka yangu Lalbaz, kwa sababu ya zamu ya maji. Zamu ilikuwa yetu, hilo silikatai. Lakini Rahmdil alikuwa kijana tu, ndevu ndiyo kwanza zinaota, aliyetumwa na baba yake akafungue mfereji, akatukanwa, naye akatukana. Mirbaz akamwacha chali ndani ya maji yale yale waliyokuwa wakiyagombania. Kaka yangu hakuwa na mtoto mwingine wa kiume.

Mirbaz na Lalbaz ni watoto wa ndugu wawili, nami niliolewa kwa binamu yangu, ng'ambo ya njia. Nyumba ninayoishi na nyumba niliyozaliwa zinatazamana. Kwa kaka yangu kuna mnara wa udongo wenye tundu la bunduki, na tundu lile linaona lango letu na kipande cha njia kilicho wazi mbele yake. Ukishavuka kipande hicho umeingia katikati ya nyumba za watu wengine, halafu sokoni, na huko hakuna anayethubutu kufyatua, maana atakuwa amewachokoza wenye nyumba. Kwa hiyo kifo chetu kilikuwa na mahali pake maalumu, na sote tulipajua.

Mirbaz hakuvuka tena lango lile. Miaka minne alikaa uani akipiga tupa, nami nikawa mchukuzi wake, vipande vya bunduki na baruti chini ya shela, kwenda sokoni na kurudi. Kwetu mwanamke hapigwi risasi. Hupigwa kwa vingine.

Mwanangu wa pekee, Samandar, nilimtorosha wiki ile ile ya mauaji juu ya lori la vitunguu, mpaka Karachi kwa shangazi yake. Alikuwa bado mtoto, na mtoto asiyebeba bunduki haguswi. Lakini ndevu hazimsubiri mtu. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba Samandar asirudi kabla damu ya Rahmdil haijasamehewa.

Na njia ya kusamehewa ilikuwepo. Muuaji hufunga kamba shingoni mwake, hutia nyasi mdomoni kama ng'ombe, huswaga kondoo mpaka mlangoni kwa adui yake, akasimama pale mchana kweupe mbele ya watu. Adui hawezi kumfukuza. Akimfukuza, aibu inamwandama yeye na kizazi chake. Kumlainisha mume wangu mpaka akubali jambo hilo kulinizeesha. Nilimbembeleza, nikamlilia, nikamnunia, nikamuunguzia chakula, nikambembeleza tena. Mwisho akakubali. Kondoo akanunuliwa, dume lenye mkia mnene, akafungwa karibu na tanuri. Tulikuwa tunangoja Ijumaa tu.

Sumaku ikatangulia kufika.

Sokoni kwetu kila mnunuzi wa risasi hutembea na kipande cha sumaku mfukoni. Risasi za Kirusi zina chuma tumboni, zinanata. Za kwetu ni laini, zimevikwa shaba, hazinati, na watu huzitumia kupigia shomoro na kusherehekea harusi. Kaka yangu ni mtu wa fahari. Hajawahi kutia bundukini mwake kitu kisichonata, na Mirbaz alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Jumatano ile mchuuzi wa vyuma chakavu alituletea mzigo, na ndani yake mlikuwa na spika za jumba la sinema lililoungua Peshawar, kubwa kama masinia ya walima. Mirbaz akazivunja kutafuta chuma. Nyuma ya kila spika mlikuwa na sumaku nzito, ya kwanza ikamnyang'anya nyundo mkononi. Akakaa chini akaitazama. Halafu akachukua ubao, akaweka sumaku pembeni yake, akaviringisha risasi ya Kirusi kwa kidole. Risasi ikaenda moja kwa moja, ikasita, ikapinda, tak, ikanata.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo uone!"

Mama mkwe wangu, Tausa, alikuja akiburuta viatu, shavu limejaa ugoro. Akatazama.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Tak.

"Ndizo risasi za Lalbaz hizi?"

"Ndizo hizi hizi, mama. Hanunui nyingine."

Bibi kizee akacheka mpaka ugoro ukamtoka. "Basi mwambie avue kilemba avae bangili kama mwanamke!"

Mimi nikasema, "Hiyo umeisukuma kwa kidole, baba Samandar. Ya Lalbaz itakuja na baruti nyuma yake."

"We unajua nini habari za baruti?"

"Nimeibeba kifuani miaka minne. Nashindwaje kuijua?"

"Punda naye hubeba," akadakia mama mkwe, "na hatujamwita fundi."

Alizipanga sumaku zile kwenye fremu ya chuma, akaikaza kwa boliti juu ya lango na ubavuni mwake kote kuwili. Ijumaa ikafika. Badala ya kamba na nyasi akavaa kilemba cheupe, akapaka wanja, akafungua lango, akatoka mchana kweupe, akasimama chini ya sumaku yake akitandaza mikono. Nilifumba macho. Nilikuwa namchukia, lakini ni baba wa mwanangu.

Bunduki ikalia. Vumbi la ukuta likaruka kushoto kwake. Ikalia tena, udongo ukamwagika kutoka juu. Ya tatu ikapita nikaisikia ikiimba. Kisha kimya. Mirbaz akarudi ndani, udongo umemjaa ndevuni, anacheka kama mtoto aliyeiba sukari.

"Zimepinda! Mama, nimezisikia kwa masikio yangu zikipinda!"

Jioni ile walimchinja kondoo wa msamaha. Mirbaz aliwaalika majirani, akala mpaka mafuta ya mkia yakamtiririka kwenye kiwiko. Mimi ndiye niliyemkatakata yule kondoo, na kila nilipokata nilijua ninakata nini.

Asubuhi nikavuka njia kwenda kwa kaka yangu. Nilimkuta mnarani. Akainuka, akanipa mto wake, akanimiminia chai ya kijani kwa mkono wake mwenyewe, kama anavyofanya siku zote. Lalbaz ni mpole sana. Alipokuwa mvulana tulikuwa tunapanga mayai mawili juu ya ukuta, naye alivunja moja la pili lisitikisike.

"Kaka," nikamwambia, "macho yameanza kuzeeka?"

Akatabasamu. "Fundo la kilemba chake niliweza kulihesabu mikunjo."

"Basi imekuwaje?"

"Kunywa chai, dada, itapoa." Akangoja mpaka nikanywa. "Huyo bwana nimemvizia miaka minne, kila kukicha. Jana nampata, kifua wazi, mikono ameitandaza kama nguo iliyoanikwa. Kidole kikakataa. Nikajiuliza, nikimuua huyu nitakuwa nimeua nini? Ndevu nyeupe na kikohozi. Yeye atapumzika, mimi nitaendelea kuamka asubuhi. Siye aliyempoteza mwana; wake bado yupo."

Nikakiweka kikombe chini. Nilimwelewa: alikuwa akimngoja Samandar.

"Lalbaz, wewe ni mjomba wake. Wewe ndiye uliyemtia asali mdomoni alipozaliwa."

"Ndiyo mimi. Na wewe ulimnyonyesha Rahmdil mama yake alipougua. Je, mumeo aliyakumbuka maziwa hayo pale mferejini?"

"Nitamwambia Samandar asije."

"Asije. Karachi sitamfuata, mimi si jambazi wa kumvizia mtoto ugenini. Lakini baba yake atamwita. Mwanamume akishapata lango lisilopenyeka, hataacha kumwonyesha mwanawe. Mimi kazi yangu ni kukosa tu. Nitakosa kila asubuhi, tena nitakosa kwa ustadi, mpaka aamini kabisa."

"Na Mirbaz akija na nyasi mdomoni?"

"Akija nitamsamehe. Sina hiari, desturi itanifunga mikono. Nenda kamwambie aje, dada. Nakuruhusu umwambie kila nililosema." Akanisindikiza mpaka chini, akanitilia zabibu kavu kwenye pindo la shela. "Hatakuja," akasema. "Aje kutafuta nini?"

Nilimwambia Mirbaz kila neno, mama yake amekaa pembeni akichambua dengu.

"Yaani anakosa makusudi?" Mirbaz akauliza.

"Makusudi."

"Risasi za Kirusi, na bei yake ile, anapigia ukuta wangu makusudi?"

"Anamtaka Samandar. Mume wangu, nunua kondoo mwingine. Nitauza bangili zangu za fedha. Twende leo hii."

"Nitafune majani kama mbuzi," akasema, "wakati risasi zao zinanikimbia?"

"Umesikia lakini?" mama mkwe akamwambia mwanawe, hata macho hakuinua kwenye ungo. "Amekwenda kwao asubuhi, amerudi na zabibu, na sasa anakuambia ukalale miguuni kwa kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuambia tangu harusi."

"Bibi, ni mjukuu wako anayewindwa!"

"Mjukuu wangu ana baba fundi. Wewe una kaka kipofu. Nenda kakande unga."

Sikio la kufa halisikii dawa, na nyumba ile ilikuwa na masikio mawili ya namna hiyo.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu mpya. Kila asubuhi Mirbaz anatoka kwenda dukani kwake kule sokoni, anasimama chini ya sumaku kidogo ili watu wamwone, bunduki inalia mara moja, ukuta unatoboka, yeye anakung'uta bega anaondoka. Jioni anapitisha sumaku ndogo kwenye udongo wa ukuta na kuzivuta zile risasi, anazipanga kibarazani awaonyeshe wageni. "Zinanata," anawaambia, "ndiyo maana zinapotea njia." Watu wengine waliofungiwa majumbani na visasi vyao wakaanza kuja kuagiza. Mji mzima wenye kujua kila kitu kuhusu bunduki ulikubali upuuzi ule, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na adui wake na alitaka sana uwe kweli. Lalbaz alipokutana na watu sokoni alikuna kichwa na kusema hajapata kuona kitu kama hicho maishani.

Kisha wakamwita mwanangu.

Kwetu wanaume walio mbali hawaandikiwi barua, maana wanawake hatujui kusoma. Tunawarekodia kanda, tunampa dereva wa lori, naye anawafikishia. Mama mkwe alikaa mbele ya redio kaseti akabonyeza kitufe, akamtukana mjukuu wake upande mzima.

"Samandar, nakusalimu, kama bado ni mwanamume. Wenzako wanakula mkate wa baba zao, wewe unaosha malori ya watu na kujificha nyuma ya gauni la shangazi yako. Baba yako anasimama mbele ya risasi kila asubuhi anazicheka. Mimi nazeeka, nataka kukuona ukipita lango hili kifua mbele. Kama huji, nitumie kipimo cha mkono wako nikununulie bangili."

Kanda hiyo ikaenda na Mirbaz, mfukoni mwake, mpaka sokoni kwa dereva.

Mimi nilingoja siku bibi alipolala mchana. Nikajifunika blanketi mimi na redio pamoja, nikanong'ona mpaka koo likakauka. Nilimwambia mwanangu kila kitu: kwamba sumaku ni upuuzi, kwamba mjomba wake hakosi ila anapotaka, kwamba matusi ya bibi hayaui lakini risasi inaua. Nikamwambia niko radhi asinione mpaka nife. Nililia kidogo mwishoni, nikaomba Mungu asicheke kunisikia.

Wa kumpa kanda ile alikuwa Bakhto, mama muuza bangili, ambaye mwanawe huendesha lori la Karachi. Alipokuja uani kwetu na kikapu chake nilinunua bangili mbili za kioo nisizozihitaji, nikamtilia kanda chini kabisa, chini ya kopo la pini na sindano. Akanifinya mkono, ameelewa.

Akafika langoni. Na Mirbaz alikuwa pale, anarudi kutoka dukani, roho imemkunjuka.

"Bibi Bakhto! Umeuona mtambo wangu?"

"Nimeuona, mwanangu, nimechelewa."

"Hujauona! Lete kikapu hapa, nikuchekeshe."

Akakichukua kikapu mikononi mwake akakiinua ubavuni mwa lango. Kopo la pini likavutwa, kikapu kikaruka, pwaa, kikanata kwenye sumaku na bangili zote ndani zikilialia. Bakhto akapiga yowe. Watoto wa njiani wakaja mbio. Mirbaz alicheka akajishika mbavu, akakiacha kikapu kikining'inia pale, akamwita huyu na huyu waje waone sumaku inavyoteka bangili, na kilipobanduka akakinatisha tena. Mimi nilisimama uani, naogopa kanda isije ikaanguka akaiona. Haikuanguka. Bakhto akakivuta kikapu chake, akamlaani, akaenda zake, nami nikaketi chini nikamshukuru Mungu.

Samandar alirudi majira ya mavuno ya mahindi.

Nilikuwa natoa mkate tanurini niliposikia kelele kutoka upande wa sokoni, watu wanapiga vigelegele na kufyatua bunduki hewani. Mirbaz akatoka kusimama chini ya sumaku yake, amevaa kilemba cha sikukuu. "Mwanangu!" anaita. "Njoo, mwanangu! Pita bila wasiwasi!" Nilitupa mkate, nikampita mume wangu langoni, nikakimbia kile kipande cha wazi mpaka pale nyumba za watu zinapoanzia. Samandar alikuwa amesimama kwenye kona na umati nyuma yake. Amekuwa mrefu. Ndevu zimejaa. Mabega ya baba yangu yale, na tabasamu lake lile la utotoni.

"Mama!"

"Rudi. Panda lori urudi, sasa hivi. Kanda yangu hukuisikiliza?"

"Niliipata, mama, lakini haikuwa na kitu. Upande wote ilikuwa inavuma tu, shhh, kama upepo. Nikasema mama kasahau kubonyeza." Akacheka. "Ya bibi ndiyo niliyoisikia vizuri!"

Nikageuka nikatazama lango letu, zile sumaku nyeusi zimepangwa pale juu na ubavuni. Nilikuwa nimesikia mafundi wa redio wakiwafukuza watu wenye sumaku dukani mwao, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kanda ya bibi ilipita mfukoni katikati ya lango, haikuzigusa; kikapu kilikuwa kimening'inia pale mpaka kila neno nililolinong'ona likafutika.

"Rudi," nikamwambia tena.

"Mbele ya watu wote hawa, mama? Nirudi?"

Nilitazama nyuso zile nikajua harudi. Basi kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Kwetu mwanamke akivua shela lake akalitupa baina ya wanaume wanaopigana, bunduki hushushwa, na asiyeshusha si mtu. Nikavua shela mbele ya soko zima. Upepo ukanipiga kichwani, nywele zangu zenye mvi zikamwagika, nikalitupa shela chini upande wa mnara.

"Tembea nyuma yangu," nikamwambia. "Unyayo wangu, unyayo wako. Usitoke hata kidogo."

Tukatembea. Niliuelekezea mnara uso wangu, kichwa wazi, nikitembea upande upande kama kaa, na mwanangu nyuma ya mgongo wangu. Mtutu ulikuwa umetokeza tunduni. Nikamwita kaka yangu kwa jina alilokuwa akiitwa na mama yetu. Na nawaapia, mtutu ule ukarudi ndani. Niliuona ukirudi. Lalbaz alishindwa. Zilibaki hatua chache tuingie langoni.

Nyuma yetu mtu mmoja akapaza sauti. "Karachi siku hizi wanafundishwa kujificha kwenye nywele za mama!"

Kicheko kikavuma njia nzima. Na kutoka ndani ya lango, mama mkwe wangu naye: "Nimemngoja mjukuu, mmeniletea bibi harusi!"

Nilisikia pumzi ya mwanangu ikibadilika nyuma ya shingo yangu.

"Samandar, usiwasikilize."

Mikono yake ikanifunika kichwa. Alikuwa amevua shali yake, akanizungushia kwa upole, akanifunika mpaka macho, asije mtu akaona nywele zangu. "Jistiri, mama," akaninong'oneza. "Unaniaibisha." Nilipojifunua macho alikuwa ameshanipita. Alisimama chini ya sumaku, kando ya baba yake, akatandaza mikono kama baba yake, akatazama mnara akicheka.

"Asalaam aleikum, mjomba!"

Safari hii bunduki ililia mara moja, na vumbi la ukuta halikuruka.

Risasi ilimpita kifuani ikaingia kwenye mbao za lango. Nilikaa na kichwa chake mapajani mpaka kikawa kizito. Mirbaz hakuja kukaa nasi. Alikuwa amechukua kisu, anachokoa mbao. Akaitoa ile risasi, akaifuta damu kwa kilemba, akainyanyua kwenye sumaku, ikanata. Akaibandua, akainatisha. Akaibandua, akainatisha. "Inanata," alikuwa anasema. "Mama, inanata. Sasa imekuwaje?"

Siku ya tatu ya matanga Lalbaz alivuka njia bila bunduki, akiswaga kondoo, wazee wakimfuata. Mtoto kwa mtoto, walisema wazee, hesabu imekaa sawa, hakuna anayemdai mwenzake. Mirbaz akainuka wakakumbatiana, wakalia wote wawili, na nadhani walilia kweli. Kisha wakaketi mkekani, nikaletewa kondoo yule nimpike. Nikampika. Niliwapakulia kaka yangu na mume wangu katika sinia moja kama desturi inavyotaka, nikasimama pale na birika la kunawia.

Mirbaz hakuwa ametia kitu kinywani tangu maziko. Aliangalia tu nyama, macho mekundu. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, wazee wasimsikie:

"Lalbaz. Wewe ni mpigaji, hutanidanganya katika hili. Zile zote za mwanzo, siku zote zile. Sumaku haikuzipinda hata kidogo?"

Lalbaz aliacha kutafuna. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nami nilimtazama kwa macho yasiyoficha kitu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine nilichokitaka tena duniani ila Mirbaz asikie ukweli ule kutoka kwenye mdomo ule, alale nao na kuamka nao kila siku aliyobakiza. Kaka yangu alinijua tangu utoto. Alijua nataka nini.

Akajipangusa vidole, polepole.

"Zilipinda kidogo," akasema. "Nikuficheje, binamu? Zilikuwa zinavutwa kushoto."

Mirbaz akafumba macho akashusha pumzi ndefu. "Nilijua," akasema. "Nilimwambia mama." Kisha akanyoosha mkono, akamega mkate, akaanza kula.